Wasomaji Wanauliza: Bia ya Handakini

SWALI: Niliagiza Kellerbier (yaani bia ya handaki, chumba cha chini ya ardhi cha kuhifadhia bia) mjini Bamberg, Ujerumani. Ilikuja na ukungu, povu likanywea upesi, tena haichomi ulimi kama bia nilizozoea. Je, iliharibika?

JIBU: La, hiyo ndiyo sura yake. Ukungu ni hamira na protini, kwa sababu haichujwi. Ama gesi, siri iko kwenye kizibo. Bia nyingi za lager (zinazochachushwa baridini) zinapokaribia kumaliza kuchachuka, pipa huzibwa, na gesi inayotolewa na hamira huyeyukia ndani ya bia. Kellerbier ya jadi hukomaa majuma kadhaa katika baridi tundu likiwa wazi, gesi ikijiendea zake. Ukiona neno „ungespundet“ kwenye lebo, maana yake ni hiyo: haikuzibwa. Upole huo ni sifa yake kubwa. Uchungu wa hopsi (maua yanayotiwa kwenye bia) na utamu wa kimea huonekana wazi. Iliyoharibika hujulikana kwa ladha ya siki, ambayo ni kazi ya bakteria. Harufu ya siagi mara nyingi huonyesha kuwa ilitolewa kabla hamira haijamaliza kazi.

SWALI: Tulinunua pipa dogo la kufungulia kwa bomba. Bia ilitoka vizuri, ikaanza kwikwi, kisha ikakatika. Kesho yake haikunyweka.

JIBU: Hamkufungua tundu la hewa. Lazeni pipa baridini siku nzima bila kulitikisa, hamira itulie; nyuzi 8 hadi 10 zinatosha. Gongeni bomba likiwa limefungwa. Magi za mwanzo husukumwa na gesi yenyewe. Mtiririko ukipungua, ndipo mfungue tundu la juu. Mkilifungua mapema, povu litaruka. Lakini hewa ikishaingia, bia imeanza kuzeeka: pipa liishe siku hiyohiyo.

SWALI: Kwa nini watu wa Franken (eneo la Bamberg, kaskazini mwa Bavaria) husema wanakwenda „juu ya“ handaki, na mbona wengine huja na vikapu vya chakula?

JIBU: Kwa sababu hukaa juu yake kweli. Zamani bia haikupikwa kiangazi; Bavaria, kwa mfano, kwa sheria ya 1539 ilikataza kuipika kati ya 23 Aprili na 29 Septemba, hivyo bia ya kiangazi ilibidi ihifadhiwe. Mahandaki yakachimbwa katika miamba ya vilimani, kama kule Kellerwald, msitu wa mahandaki wa mji wa Forchheim. Juu ikapandwa miti ya michesnati: majani mapana ya kivuli, mizizi isiyozama hadi kupasua dari. Mabenchi yakafuata kivuli.

Kuhusu vikapu, München, mji mkuu wa Bavaria, ina tarehe yake: 4 Januari 1812 Mfalme Maximilian Joseph wa Kwanza aliwaruhusu wapika bia kuuza bia kwenye mahandaki yao, lakini chakula wasiuze ila mkate. Wateja wakaja na chao. Desturi hiyo ingalipo katika bustani nyingi za bia, ila kinywaji hununuliwa hapohapo. Meza yenye kitambaa iacheni. Hiyo ni ya wanaohudumiwa chakula.