Mungu Alimkumbuka Ebed-Meleki

Ndugu yangu katika Kristo, umeuliza kama Mungu humkumbuka mtu anayefagia kanisa miaka mingi bila kutajwa na yeyote. Nakusihi usome Yeremia 38 na 39. Ebed-Meleki, Mkushi (mtu wa Kushi, nchi ya kusini mwa Misri) aliyetumika katika nyumba ya Mfalme Sedekia wa Yuda, alimtoa nabii Yeremia katika shimo la matope, tena kwa upole wa ajabu akamteremshia matambara ayaweke makwapani chini ya kamba. Jeshi la Babeli likiwa karibu kuuteka Yerusalemu, Bwana alimpelekea mgeni huyo ujumbe wake mwenyewe, kupitia Yeremia aliyekuwa bado kifungoni, kwamba hakika atamwokoa kwa sababu alimtumaini. Nawe endelea kumtumaini, na uchovu wako mweleze mchungaji wako waziwazi.