Kufundisha watoto mpira wa kikapu kunamjenga kiongozi wa namna gani?

Ndugu uliyeuliza kama kujitolea kufundisha watoto mpira wa kikapu kunaweza kweli kukupa ujuzi wa uongozi, au ni jambo la kupambia wasifu tu unapoomba kazi, nitakujibu kwa niliyoyaona katika miaka niliyowafundisha watoto wa umri wa miaka 6 hadi 10. Ujuzi upo, ila sipendi kuuweka katika yale yanayotajwa kila mara, kama vile kujiamini na kusema mbele za watu, kwa kuwa hayo huja yenyewe kadiri unavyozoea. Unachojifunza hasa ni kupanga kazi ya watu wengine ili waweze kuifanya bila kusukumwa.

Mtu mzima akichoshwa na kiongozi wake hukaa kimya, hutazama saa kwa siri na hata hutikisa kichwa kana kwamba anakubali, hivyo mtu anaweza kuongoza vibaya kwa muda mrefu asitambue. Mtoto wa miaka 7 hana subira hiyo wala unafiki huo. Maelezo yako yakirefuka, ataanza kudunda mpira ungali unasema, atamvuta mwenzake fulana, au ataketi chini achezee kamba za viatu. Tathmini ya kazi yako unaipata papo hapo, tena bila heshima yoyote, nami naithamini kwa sababu hiyo hiyo.

Chukua suala la foleni. Kocha mpya mara nyingi huwapanga watoto 12 katika mstari mmoja mbele ya goli, kila mmoja arushe mpira mara moja kisha arudi nyuma. Ukipiga hesabu, mtoto anacheza kwa sekunde chache na kusubiri zamu kumi na moja za wenzake, na fujo karibu zote huzaliwa katika kusubiri huko. Kocha hupuliza filimbi, hukaripia, huwatoa wawili nje ya uwanja, na mwishowe husema kwamba amepewa kundi la watukutu. Wagawe watoto wale wale watatu watatu, kila kundi lipewe mpira wake na sehemu yake ya uwanja, nawe utashangaa jinsi wengi wao wanavyotulia bila kukemewa. Tabia yao haijabadilika katika dakika hizo chache. Kilichobadilika ni mpango. Siku hizi hata kazini, ninapowaona watu wakinung'unika au wakizembea, huanza kwa kuuliza nani anamsubiri nani, na mara nyingi sihitaji kuuliza zaidi.

Jambo la pili ni kulinganisha kazi na uwezo wa anayeifanya, na hapa mchezo wenyewe umekwisha kutuonyesha njia. Pete ya goli la watu wazima iko mita 3.05 kutoka sakafuni, lakini katika mini-basketi, yaani mchezo uliotengenezwa kwa ajili ya watoto, hushushwa hadi mita 2.60, na mpira unaotumika ni mdogo na mwepesi zaidi, wa namba 5, badala ya ule wa namba 7 wanaochezea wanaume. Mtoto anayepewa mpira mzito na goli refu huurusha kwa kuuvurumisha kutoka kiunoni kwa nguvu zote za mwili, akazoea mtindo ambao kuuacha baadaye ni kazi ngumu. Wapo wazazi wanaodhani kwamba kushusha goli ni kuwadekeza watoto. Mimi naona ni kuwapa kazi ambayo ikifanywa sawasawa inaleta matokeo, na wakubwa wengi wa ofisi hawajalijua hilo, kwani humkabidhi mgeni jukumu la mzoefu kisha wakastaajabu kwamba amebuni njia za mkato.

Kuhusu kutoa maelekezo, utajifunza upesi kwamba katazo halimfikishi mtoto popote. Ukimwambia asiutazame mpira anapoudunda, atakutazama kidogo kisha macho yatarudi kule kule. Lakini ukisimama mbele yake ukainua vidole, na kumtaka ataje idadi yake huku akiendelea kudunda, kichwa kitakuwa juu muda wote bila wewe kukitaja. Agizo moja, fupi, lenye kitendo ndani yake, halafu nyamaza watoto wacheze. Kunyamaza ndiko kugumu kuliko yote.

Usawa nao watoto huufuatilia kwa makini kuliko refa. Kwa hiyo naandika mpangilio wa kuingia na kutoka kabla ya mechi na kuwaonyesha wote, wazazi pamoja nao, jambo ambalo limepunguza sana kelele za pembeni mwa uwanja. Vijana wanaonisaidia nao siwaachii kuokota koni tu. Kila mmoja namkabidhi kundi na lengo la siku, kisha najizuia kuingilia hata ninapoona ningefanya vingine.

Kuna kasoro moja usiyoambiwa sana. Watoto hukutii kwanza kwa sababu wewe ni mkubwa, na anayeongoza watoto peke yao anaweza kuzoea utii huo akadhani ni sifa yake binafsi. Kuafikiana na watu wa rika lako, ambao wanaweza kukukatalia na kuondoka, utajifunza zaidi kwa kufanya kazi na makocha wenzako, kwa hiyo usikwepe vikao vyao hata kama vinachosha.

Ukiamua kuanza, omba uachiwe dakika 10 za kupasha viungo chini ya kocha mzoefu kabla hujapewa timu. Lakini kabla ya hapo uliza klabu ina utaratibu gani wa kuwalinda watoto: kama historia ya kila anayejitolea huchunguzwa, kama wapo watu wazima wawili katika kila zoezi, na nani anatunza namba za wazazi na orodha ya watoto wenye pumu au maradhi mengine. Klabu ikishindwa kukujibu hayo, tafuta nyingine.