Timu ya Kukimbia na Mpira Hujengwa Kuanzia Mstari wa Mbele

Kila Agosti hapa Ohio utasikia makocha wa futiboli ya Kimarekani wa shule za sekondari wakitangaza kwamba mwaka huu timu yao itakimbia na mpira kwanza, pasi baadaye. Ikifika Oktoba, nyingi zimeshaacha. Wakifungwa tu mapema, wanaanza kurusha mpira hovyo. Mimi ni kocha msaidizi wa vijana wa mstari wa mbele, na kwa niliyoyaona, timu hizo hazishindwi siku ya mechi. Zimeshindwa Jumanne, mazoezini.

Anza na wale watano wa mbele: senta anayeanzisha mpira, magadi wawili (wazuiaji wa kando yake), na wazuiaji wawili wa pembeni (tackle). Mbeba mpira hodari bila wao ataangushwa kabla hajapiga hatua ya tatu. Kwetu kazi kubwa ni wawili kumsukuma mlinzi mmoja. Gadi na jirani yake wanagusana nyonga, hatua ya kwanza ni fupi, kama inchi 6, mgongo umeinama, mikono inaingia kifuani mwa mlinzi chini ya mabega yake. Wanamrudisha nyuma pamoja, macho yakiwa kwa mlinzi wa mstari wa pili. Huyo akisogea tu, mmoja wao anachomoka kumfuata. Nyonga zikiachana hata kidogo, mlinzi anapenya katikati na mchezo umekufa. Sisi hurudia hilo kila siku ya mazoezi, hata wiki ya mechi kubwa, na vijana wakichoka ndipo ninapolisimamia zaidi.

Pili, punguza michezo, yaani mipango ya mashambulizi mnayoifanyia mazoezi. Chagua mitatu au minne ya kukimbia, uifundishe dhidi ya kila mpangilio wa ulinzi. Green Bay Packers, timu ya kulipwa ya kocha Vince Lombardi, miaka ya 1960, ilijulikana kwa mchezo mmoja wa kuzunguka pembeni, magadi Jerry Kramer na Fuzzy Thurston wakitangulia kumfungulia njia mbeba mpira. Wapinzani waliujua vizuri. Kuujua hakukutosha kuuzuia.

Tatu, subira, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Mpira wa kukimbia hutoa yadi 2, kisha 3, kisha sifuri, na jukwaani watu wanaanza kupiga kelele. Kumbuka una majaribio manne ya kupata yadi 10, na mbeba mpira akiangushwa ndani ya uwanja saa inaendelea kutembea, walinzi wako wakipumzika. Walinzi wa wapinzani ndio wanaochoka, maana kusukumwa na watu wa kilo 120 robo nne mfululizo si mchezo. Usihukumu mpango wako katika robo ya kwanza.

Lakini kukimbia kwanza si kukimbia kila mara. Msimu wa 2024 Philadelphia Eagles, timu ya ligi ya kulipwa ya NFL, walishinda mechi 2 kati ya 4 za mwanzo. Baada ya wiki yao ya mapumziko wakamwegemea mbeba mpira wao Saquon Barkley, naye akamaliza msimu wa kawaida na yadi 2,005. Kwenye Super Bowl, fainali ya ligi hiyo, Februari 2025, Kansas City Chiefs walikuja wamejipanga kumzima yeye, na kweli alibeba mpira mara 25 akapata yadi 57 tu. Eagles walishinda 40-22. Jalen Hurts, kwotabeki (mrusha pasi) wao, alirusha pasi mbili za mguso, yaani za bao (touchdown), na yeye mwenyewe akakimbia yadi 72. Ulinzi uliomwogopa Barkley uliacha nafasi kwingine. Kwa hiyo ukiona walinzi wanane wamesogea mbele, mwambie kwotabeki ajifanye anampa mbeba mpira, kisha arushe juu yao.

Wazazi wetu wengi waliotoka Afrika Mashariki huniuliza, “Kocha, mbona mwanangu hashiki mpira?” Swali la haki kabisa, na ni juu ya kocha kulijibu kwa vitendo. Jumatatu tukitazama video, tunaanza na vizuizi bora kabla ya mabao, na aliyezuia anatajwa jina mbele ya wenzake. Wapokeaji wa pasi nao wamo. Mbio ya yadi 6 hugeuka ya yadi 40 pale mpokeaji wa pembeni anapomzuia beki wake hadi filimbi ilie. Kwetu mpokeaji asiyezuia haanzi mechi, hata awe na mikono mizuri kiasi gani.