Ukienda Dubai kufunga mzigo, jipe usiku mmoja wa jahazini

Sisi tunaouza nguo Mchangani na Darajani hapa Unguja, Dubai kwetu ni Deira, na Deira ni mabegi, mizani na watu wa kargo. Tunalala watatu chumba kimoja, tunakula kwenye vigahawa vya Wapakistani kule Naif, tunazunguka madukani mpaka miguu inavimba, kisha tunarudi nyumbani. Muulize mtu kaona nini Dubai, atakutajia bei ya abaya kwa jumla.

Ndiyo maana Idi ikikaribia na wenzangu wakianza kukata tiketi, huwaambia: tengeni usiku mmoja, mpande jahazi la chakula pale horini, lile linalotembeza watu majini huku wakila. Wapo wanaocheka. Wapo wanaoniambia walishapanda na hawarudii tena, maana chakula ni cha kawaida, muziki unatoboa masikio na pesa imekwenda. Nawaamini. Ila nikiwadadisi nagundua walikwenda kama waalikwa wa harusi: wakakaa mezani, wakangoja, wakala mpaka kupumua kukawa tabu, wakashuka. Hori zima limepita dirishani na wao macho kwenye sahani. Bufee ya jahazini ukiipima kwa wali wake utajiona umeibiwa. Unacholipia pale ni maji, taa na ule mwendo wa taratibu. Wali ni nyongeza tu.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kuchagua ni maji, hata kabla ya kuuliza bei. Usiku watu hutembezwa kwenye hori la zamani linalotenganisha Deira na Bur Dubai, au Dubai Marina, au ule mfereji mpya uliofunguliwa 2016 unaopita Business Bay. Wauzaji watakuvuta Marina, maana maghorofa yake ni marefu na picha zinatoka vizuri. Mimi Marina sina ugomvi nayo, lakini ni maji yaliyochimbwa juzi yakazungushiwa majengo, na kutoka Deira utakula foleni ya magari kabla hujala chakula. Mwenzangu, nenda horini.

Hori ndiko mji ulikoanzia. Ni mkono wa bahari ulioingia ndani ya nchi kiasi cha kilomita 14, mpaka Ras Al Khor wanakokaa ndege heroe. Katika miaka ya 1950 lilikuwa likijaa mchanga na vyombo vikubwa vinashindwa kuingia. Sheikh Rashid bin Saeed Al Maktoum, mtawala wa Dubai, akalichimbisha, kazi iliyoanza mwishoni mwa miaka hiyo, na biashara ya Ghuba ikamiminika pale. Hata sisi kwenda Deira leo kununua madera tunafuata njia ile ile.

Na mle ndani mna chetu. Jahazi litakupitisha mbele ya Al Fahidi, mtaa wa nyumba kongwe zenye minara ya kuvutia upepo. Nyumba za zamani za Ghuba zilipauliwa kwa boriti za mikoko zilizotoka pwani yetu, Rufiji na Lamu. Vyumba vyake ni vyembamba kwa sababu boriti ina urefu wake na haivuki zaidi ya hapo, sababu ile ile iliyovifanya vyumba vya Mji Mkongwe kuwa kama vilivyo. Majahazi yalishuka na kaskazi yakiwa na tende, chumvi na samaki mkavu, yakangoja kusi, yakarudi na boriti. Sasa Mzanzibari apite pale amejiinamia anagombana na mfupa wa kuku! Mimi siwezi kukubali.

Tiketi usinunue kwa kijana anayegawa kadi barabarani kabla hujaliona jahazi lenyewe. Alasiri ukirudi kutoka sokoni, majahazi yanakuwa yamefungwa gatini, taa bado hazijawashwa, wapishi wanapandisha masufuria. Hiyo ndiyo saa ya kupita, kuomba kuchungulia na kuuliza. Uliza kama bei ni moja juu na chini, au sitaha ya juu wanaitoza zaidi. Uliza vinywaji gani vimo ndani ya bei, maana wengine wanakupa maji na chai halafu soda unalipa. Uliza kama wanauza pombe, kwani yapo majahazi yanayouza na yapo yasiyouza, na ukiwa na wazee au watoto ni bora ujue mapema kuliko kukasirika katikati ya maji. Bei wanayokutajia mapokezini hotelini mara nyingi ina cha mtu ndani yake. Umeshinda mchana kutwa ukikatiana bei za vitambaa, ustadi huo usiuache chumbani.

Siku nayo ina mambo yake. Tangu 2022 mapumziko yao ya wiki ni Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa wanafanya kazi nusu siku, kwa hiyo Ijumaa na Jumamosi usiku majahazi yanafurika. Jumatatu au Jumanne utapata meza unayoitaka, na foleni ya chakula inakuwa fupi.

Kuhusu majira sitakuficha: Juni mpaka Septemba, sitaha ya juu ni adhabu. Mchana joto linapita nyuzi 40, na usiku unyevu unakuganda mwilini kama umevaa nguo mbichi. Ukienda wakati huo kaa chini kwenye kiyoyozi na uridhike na dirisha. Wakati wake hasa ni Novemba hadi Machi. Lakini chukua shali au koti jepesi, maana Januari upepo wa horini unamtetemesha mtu aliyezoea joto la Unguja.

Majahazi mengi ya horini huondoka kiasi cha saa mbili na nusu usiku na kurudi baada ya saa mbili hivi. Saa zao zimetangulia zetu kwa saa moja, kwa hiyo ukiwa umefika jana tu tumbo lako litadhani bado mapema. Usile kitu baada ya alasiri, hata ukiona sambusa. Wakati wa baridi isha huingia mapema na utawahi kusali kabla ya kupanda. Kiangazi itabidi usali ukishuka. Na ufike gatini nusu saa kabla, kwa ajili ya kiti, maana aliyetangulia ndiye anayekaa ukingoni.

Nilipokwenda na mama mkwe wangu, mtu wa Mkoani aliyekulia kwenye vyombo vya Pemba, aliposikia ni jahazi alikubali hapo hapo. Tulipofika gatini akalitazama lile jitu la mbao linalowaka taa kila ubavu, akaniuliza, "Mwanangu, na tanga liko wapi?"

"Mama, hili la injini."

"Basi hili jumba hili, si jahazi."

Akapanda hivyo hivyo, kashika mfuko mkononi, kwa sababu safari ya maji anayoijua yeye ni ya kukata mkondo wa Nungwi na watu wanatapika kulia na kushoto. Mfuko hakuuhitaji. Horini hakuna mawimbi, maji yamelala, chai haimwagiki kikombeni. Kwa hiyo wenye kichefuchefu wasiogope. Shida ya wazee ni ngazi: ni nyembamba, zimesimama, na ukishika sahani huna mkono wa kujishikilia. Mama nilimweka chini karibu na dirisha, mbali na spika, nikampelekea chakula mwenyewe. Baada ya kula ndipo nikampandisha juu polepole mikono mitupu, akasimama ukingoni mpaka tunarudi, akiwakosoa mabaharia namna walivyofunga kamba.

Ukishakaa, angalia majaketi ya kuokolea maisha yako wapi, na mlango wa kutokea uko upande gani. Watu wa visiwa hivi, baada ya meli za Spice Islander 2011 na Skagit 2012 kuzama na watu wetu, hatuna haja ya kuelezwa kwa nini. Ukiwa na mtoto, omba uoneshwe la saizi yake. Wakikuona mshamba, potelea mbali.

Haya, chakula. Utakuta vya baridi upande mmoja: homosi, biringani iliyosagwa na ufuta, tabule, saladi za kila rangi, mikate. Upande wa pili masufuria ya moto: kuku wa kuchoma, kababu, samaki, mchuzi wa mbuzi, mboga za Kihindi, makaroni, na biriani. Mwisho kuna matunda na vitamu, pamoja na Ummu Ali, kile kitamu cha mkate na maziwa. Sahani zikifunguliwa, watu wote watalikimbilia biriani. Waache. Biriani ya kupikiwa watu mia na kukalishwa juu ya moto mdogo huijui? Utakula ya kweli nyumbani.

Mimi huzunguka kwanza bila sahani, nikatazama kila kitu, halafu naanza na vya kuchoma, kwa sababu vya kuchoma ndivyo vinavyokauka vikingoja. Homosi na mkate wa moto vinafuata, saladi zinaweza kungoja. Samaki namchukua kipande kimoja cha kuonja, na mara nyingi naishia hapo. Sisi tumedekezwa na soko la Malindi na Forodhani, samaki wa bufee hatatufurahisha, tusimlaumu mpishi. Pakua nusu sahani, rudi tena ukitaka. Kujaza kilima halafu ukakiacha ni israfu, na wahudumu wanaona.

Siri yangu kubwa ni hii. Kula nusu saa ya mwanzo, jahazi likiwa ndiyo kwanza linajivuta kutoka gatini, kisha uiache meza. Kuna mchezo wa tanura, yule mwanamme anayezunguka kama pia na sketi zenye taa. Akianza, kila mtu anainua simu kumpiga picha na meza ya vitamu inabaki haina mtu. Hapo ndipo unapochukua Ummu Ali wako na chai, ukapanda juu. Mchezaji mwenyewe utamuona tu, kwa kawaida anacheza chini kisha anapanda sitaha ya juu kurudia.

Ukiwa juu, upande wa Deira tazama majahazi ya mizigo yaliyofungwa ubavu kwa ubavu, na mafriji, matairi na maboksi yamepangwa kwenda Iran na Somalia. Mimi hapo ndipo ninaposimama muda mrefu kuliko penginepo, maana mabaharia wanakuwa wanapika chakula chao cha usiku sitahani, taa moja tu inaning'inia, na moyo unaniambia wao wanakula vizuri kuliko sisi. Utaliona pia jengo la benki la vioo lililotuna kama tanga, la tangu 1998. Kuelekea mdomo wa hori, upande wa pili, kuna Shindagha, ilipo nyumba ya Sheikh Saeed Al Maktoum iliyojengwa 1896, mwaka ule ule Waingereza walipopiga mizinga kasri ya Sultani hapa kwetu.

Picha piga za majengo na za wenzako. Usimuelekezee simu mtu usiyemjua, hasa mabibi wa familia nyingine. Nchi ile ina sheria kali juu ya kumpiga mtu picha bila ridhaa yake, na mzigo wako bado uko kwa mtu wa kargo.

Najua wapo watakaosoma haya wakaona pesa ya jahazi ni abaya tatu, na wana haki. Wao waende kwenye kituo cha Al Sabkha baada ya magharibi, wanunue shawarma njiani, wapande abra. Ni boti dogo la mbao, watu wanakaa wamepeana migongo, na kuvuka ni dirhamu 1. Upepo ni ule ule, minara ni ile ile, na uko chini zaidi, karibu kabisa na maji. Ukifika ng'ambo, tembea ukingoni mpaka Al Fahidi, kaa ule shawarma yako, kisha lipa dirhamu nyingine urudi. Sarafu ziwe mkononi, maana nahodha hukusanya nauli akiwa ameshang'oa, na noti kubwa anaikunjia uso.