Maswali yenu ya baiskeli: uma uliopinda, ndoo za asali na shokapu

Uma unaoshika gurudumu la mbele la baiskeli yangu ya Phoenix umerudi nyuma baada ya kuingia shimoni. Fundi anataka kuunyoosha kwa bomba. Nimruhusu? (Msomaji, Isevya)

Usimruhusu. Kila masika naletewa swali hili kwa maneno yale yale, na kila masika najibu hivyo hivyo. Chuma kilichopinda kwa kishindo kimeshachoka. Ukikinyoosha kikiwa baridi unakichosha mara ya pili, na ufa unaanzia pale usipopaona, chini ya kikombe cha gololi za usukani, shina linapoungana na kichwa cha uma. Ufa huo hautoi taarifa: siku uma unakatika, wewe unaanguka kwa uso. Nunua mwingine, na uende dukani na ule wa zamani mkononi ulinganishe urefu, unene wa shina na hesi zake.

Kwa nini uma unapindishwa mbele? Baba anasema ni kwa ajili ya mashimo. (Nzega)

Mzee hajakosea, uma uliopinda hunesa kidogo. Lakini sababu kubwa ni usukani, na unaweza kuiona nyumbani kwako. Simamisha baiskeli kwenye sakafu iliyo sawa, gurudumu likitazama mbele. Chukua fito iliyonyooka, iegeshe ubavuni mwa shingo ya fremu, lile bomba fupi linalopitisha shina la uma. Ifuate mlalo wa shingo mpaka chini, na itakapogusa sakafu weka alama ya chaki. Sasa funga nati kwenye uzi, uuning'inize kutoka katikati ya ekseli ya mbele, weka alama ya pili pale nati inapolenga. Alama ya fito itakuwa mbele ya alama ya nati. Nafasi iliyo kati yake mimi naiita mkia, kwa sababu ndiyo inayofanya gurudumu lifuate shingo kama mkokoteni unavyomfuata punda.

Baiskeli za mashindano ya barabarani huwa na mkia wa kama milimita 55 hadi 60. Mkia mrefu unaishikilia baiskeli kwenye njia yake ukiwa na mwendo, lakini ukienda polepole usukani ni mzito na unapenda kuangukia upande. Mkia mfupi unafanya usukani uwe mwepesi, unageuka kwa kuguswa tu. Kuupinda uma mbele kunaufupisha mkia. Ndugu yetu wa Isevya, ambaye uma wake umerudi nyuma, mkia wake umerefuka, na bila shaka kona zimeshaanza kumsumbua. Zile uma za kisasa zilizonyooka zisikudanganye: tazama kichwani, zimewekwa kwa mshazari, na kazi ni ile ile.

Baiskeli inavuta kushoto. (Cheyo)

Gurudumu halijakaa katikati ya uma. Legeza nati, likalishe sawa, kaza. Tazameni kwanza, ndipo muandike.

Vijana wa mtaani wanaugeuza uma uelekee nyuma. Ni kweli baiskeli inatulia? (Ng'ambo)

Inatulia, na ni moja ya sababu waendeshaji wa mbio za uwanjani wanaofuata pikipiki kule Ulaya hutumia uma wa namna hiyo. Lakini wao wanazunguka uwanja laini, hakuna mbuzi wala mtoto anayekatiza. Piga hesabu: gurudumu la inchi 28, shingo iliyolala digrii 68 kutoka sakafuni, uma uliopinda milimita 70, mkia unakuwa kama milimita 66. Geuza uma huo huo, mkia unapita milimita 200. Usukani unakuwa kama wa trekta, na kwenye kona kidole cha mguu kinagonga tairi. Wazazi, mkiukuta umegeuzwa, urudisheni kabla mtoto hajatoka nyumbani.

Nabeba ndoo mbili za asali kutoka Sikonge. Nikiteremka usukani unatetemeka. Uma ni mbovu?

Anza na mzigo. Ndoo ya lita 20 ikijaa asali ni karibu kilo 28, kwa hiyo una kilo 56, na naamini umezifunga nyuma kabisa ya keria. Hapo umeliinua gurudumu la mbele, na gurudumu lisilo na uzito halishiki njia hata uma ukiwa mpya. Shusha ndoo ubavuni, moja kila upande, zikae usawa wa ekseli ya nyuma. Kisha bana breki ya mbele, weka kidole kwenye kikombe cha gololi, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia kikombe kinacheza, kikaze. Mtetemo ukikukuta mteremkoni, usiukamate usukani kwa nguvu. Bana bomba la juu kwa magoti na upunguze mwendo kwa breki ya nyuma.

Mwalimu alisema baiskeli haianguki kwa sababu magurudumu yanazunguka. (Mwanafunzi, Urambo)

Si hilo peke yake. Mwaka 1970 Mwingereza David Jones aliandika jinsi alivyofunga gurudumu la ziada, linalozunguka kinyume, ili kuifuta nguvu ya magurudumu kuzunguka, na baiskeli ikaendesheka. Mwaka 2011 watafiti wa Uholanzi na Marekani wakaonyesha kibaiskeli kisicho na nguvu hiyo wala mkia wa kawaida, kikijisimamia chenyewe kikisukumwa. Mahali uzito ulipokaa ndipo palipokibeba. Wa ndoo za asali naye asome hapa.

Nataka uma wa shokapu kwenye baiskeli ya mizigo. (Kaliua)

Pima kutoka ekseli hadi kikombe cha chini. Kila milimita 20 zinazozidi za uma wako wa zamani zinailaza shingo karibu digrii 1 na kuurefusha mkia. Na ule uma wa gurudumu la 26 unaouzwa kila duka, gurudumu lako la 28 haliingii.