Una diploma ya uuguzi? Usianze upya Ujerumani

SWALI: Mimi ni muuguzi mwenye diploma ya KRCHN (muuguzi wa afya ya jamii aliyesajiliwa Kenya), leseni yangu iko hai, na nimefanya kazi wodini miaka minne. Ajenti anataka Sh350,000 anipeleke Ujerumani kwa Ausbildung. Kijerumani nimefika ngazi ya A2. Je, njia hii ni halali? – Msomaji, Eldoret

JIBU: Ni halali, dada, lakini si yako. Ausbildung ya uuguzi ni mafunzo ya miaka mitatu kwa asiye na taaluma hiyo. Utarudia ulichokwisha kufuzu, tena kwa posho ya mwanafunzi. Njia yako ni Anerkennung, yaani kutambuliwa kwa diploma yako na ofisi ya jimbo utakakofanya kazi.

Endelea na lugha. Waajiri wengi huanza kukusikiliza ukiwa na B1, na kibali cha muuguzi kamili kwa kawaida hudai B2. Mitihani ya Taasisi ya Goethe ya ngazi hizo ina sehemu nne, kila moja ikihitaji alama 60 kati ya 100. Ukianguka sehemu moja unarudia hiyo tu, usilipe mtihani mzima tena.

Huku ukisoma, kusanya karatasi. Inayokwamisha wengi ni transkripti. Ya kwetu huonyesha alama, ilhali Wajerumani wanatafuta saa: za nadharia kwa kila somo, za mazoezi kwa kila wodi. Saa isiyoandikwa huhesabiwa kama hukuisoma. Rudi chuoni ukaombe barua yenye mhuri inayozitaja. Chuo kikishindwa, sheria ya Ujerumani sasa inakuruhusu kuacha ulinganisho wa mafunzo yako na yao na kwenda moja kwa moja kwenye mtihani au mafunzo ya nyongeza. Majina nayo yafanane kila mahali. Kama jina la baba limo kwenye pasipoti na halimo kwenye diploma, andaa hati ya kiapo mapema. Cheti cha tabia njema na cha daktari viache mwisho, maana kwa kawaida hutakiwa viwe vya karibuni. Tafsiri zifanywe na mtafsiri aliyeapishwa.

Jibu la ofisi ya jimbo likija huenda likawa Defizitbescheid, barua ya mapungufu. Wengi huisoma wakalia, kumbe hawajakataliwa. Inakupa kuchagua: mtihani wa mdomo na wa vitendo, ambao kila sehemu hurudiwa mara moja tu, au mafunzo ya nyongeza yanayoishia kwa mazungumzo. Kama lugha bado inakutatiza, tunakushauri uchague mafunzo. Barua hiyo pamoja na mkataba wa kazi ndiyo msingi wa viza ya kifungu cha 16d cha sheria ya ukaazi ya Ujerumani, ya kwenda kukamilisha utambuzi huo. Ada yake ni euro 75, kibali chake hutolewa hadi miezi 24, na huweza kuongezwa hadi jumla ya miaka mitatu. Kwa muda huo utafanya kazi na kulipwa kama msaidizi wa uuguzi.

Kuhusu Sh350,000: usilipe. Mwombe ajenti leseni yake ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, kisha ithibitishe mwenyewe. Wakala mwenye alama ya Ujerumani ya "Faire Anwerbung Pflege" hamtozi muuguzi. Mwajiri ndiye hulipa. Lakini soma kwenye mkataba kifungu cha kurudisha gharama ukiacha kazi mapema: kiasi gani, kwa miezi mingapi, na kama kinapungua kadiri unavyofanya kazi. Na ajenti akikutajia makubaliano ya Kenya na Ujerumani ya Septemba 2024 kuhusu uhamiaji wa wafanyakazi, ujue hayafuti hatua hata moja kati ya hizi.

SWALI: Naandika programu za kompyuta, sina digrii. Ujerumani imefungwa kwangu? – Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Hapana. Kazi yako haihitaji kibali cha taaluma. Unahitaji uzoefu wa angalau miaka miwili ndani ya mitano iliyopita, na mkataba wenye mshahara unaofikia kiwango cha mwaka husika; mwaka 2025 kilikuwa euro 43,470. Barua za waajiri zitaje kazi ulizofanya hasa, lugha za programu na mifumo uliyojenga. Barua yenye cheo na tarehe tupu haithibitishi uzoefu.