Plasta ya pampu inamuunguza mwanangu ngozi: nifanye nini?

SWALI: Dada Muuguzi, salaam. Binti yangu ana miaka 13, na amekuwa na kisukari aina ya kwanza tangu akiwa darasa la pili. Mwaka jana mama yake mdogo anayeishi Uingereza alimletea pampu ya insulini, na kila anapopata msafiri hututumia boksi lenye seti 10, yaani mirija yenye plasta inayopeleka insulini kutoka kwenye pampu hadi mwilini. Kwa kuwa sijui boksi jingine litafika lini, kila seti naiacha mwilini siku tano, mara nyingine sita. Tangu joto la Desemba lianze, ngozi iliyo chini ya plasta inamwasha usiku kucha, na nikibandua plasta inatoka na utando wa juu wa ngozi. Juzi upande wa kushoto wa kitovu palivimba, na sukari ikagoma kushuka chini ya 17 ingawa pampu ilionyesha kwamba dawa inaingia. Nimempaka krimu ya tyubu niliyouziwa duka la dawa. Je, ana aleji? Au nimrudishe kwenye sindano?
Mama wa Tabata

JIBU: Mama wa Tabata, pole sana, wewe na binti yetu. Nianze na hapo palipovimba, kwa sababu hapo hapasubiri gazeti la wiki ijayo. Kama bado pamevimba, mpeleke hospitali leo hii aonwe na daktari. Usipakamue wala usipatoboe. Kabla hamjatoka nyumbani, chukua kalamu ya wino uchore duara kuzunguka ukingo wa uvimbe. Ukivuka duara hilo baada ya saa chache, daktari atajua kwamba maambukizi yanasambaa. Huenda akahitaji vidonge vya antibayotiki, na kama usaha umeshakusanyika, jipu litapasuliwa kwa usafi na kuondolewa usaha.

Vijitabu vya mashine hizi vinatuambia tutazame ngozi nyekundu, lakini vingi vimeandikwa kwa kuifikiria ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu wekundu mara nyingi hauonekani; utaona weusi uliozidi au rangi ya zambarau, na pengine usione chochote. Tumia mkono. Weka mgongo wa kiganja chako juu ya mahali penye kanula (ile ncha ya seti inayoingia chini ya ngozi), kisha uuweke upande wa pili wa tumbo: pakiwa na joto kuliko kwingine, pakiwa pagumu au mtoto akishtuka kwa maumivu, ondoa seti hiyo hata kama ina siku moja tu.

Ile sukari ya 17 inanitia wasiwasi kuliko muwasho. Pampu hutumia insulini ya haraka peke yake. Mtoto hana ile akiba ya insulini ya muda mrefu ambayo mtu wa sindano huchomwa mara moja kwa siku. Kanula ikiziba, ikijikunja au ikikaa katika nyama iliyovimba, baada ya saa chache mwili unabaki mtupu na ketoni (asidi zinazotokea mwili ukichoma mafuta kwa kukosa insulini) zinaanza kujikusanya, huku kioo cha mashine kikionyesha kwamba kila kitu ni shwari. Sukari ikipita 14, ukamwongezea dozi kwa pampu na baada ya saa moja au mbili haijashuka, usiiamini tena seti hiyo. Mchome dozi ya marekebisho kwa bomba la sindano, funga seti mpya mahali pengine, na umpime ketoni. Akianza kutapika, kuumwa tumbo au kupumua kwa kasi, nendeni hospitali bila kusubiri kipimo kingine.

Sasa nirudi kwenye swali la aleji. Uliyoyaeleza, muwasho wa wakati wa joto na ngozi kuchunika, mara nyingi hutokana na jasho lililonaswa chini ya plasta kwa siku nyingi, pamoja na kubandua kwa nguvu. Aleji yenyewe ina tabia tofauti: upele wenye vimalengelenge, unaovuka mipaka ya plasta, na unaorudi mapema zaidi kila unapobandika nyingine. Ipo kweli. Mwaka 2017 wataalamu wa ngozi waliripoti kwamba kemikali iitwayo isobonili akrileti, iliyokuwamo katika kifaa kimoja cha kupimia sukari kinachobandikwa mwilini, iliwasababishia watumiaji mzio (yaani aleji), na mwaka 2020 chama cha Marekani cha wataalamu wa mzio wa ngozi kiliitangaza kuwa kizio, yaani kisababishi cha mzio, cha mwaka. Ili upate fununu, kata kipande cha plasta ya seti iliyoharibika, ambacho hakijawahi kubandikwa, ukibandike mkononi kwa saa 48 bila kanula. Pakiwasha na kutoka upele, nendeni kliniki ya ngozi, kwa mfano ya Muhimbili, na mchukue boksi la seti mkononi.

Krimu uliyouziwa naomba uiweke kando hadi daktari aione. Nyingi zinazouzwa kwa tyubu zimechanganywa steroidi kali pamoja na dawa ya fangasi na ya bakteria. Muwasho hutulia siku mbili, ngozi huzidi kuwa nyembamba, na maambukizi hujificha chini yake. Isitoshe, huacha mafuta yanayofanya plasta isishike. Hata mafuta ya kawaida ya kujipaka baada ya kuoga yasifike sehemu itakayobandikwa. Mwogeshe kwa sabuni, mkaushe, mkae mbele ya feni mpaka jasho likate, nawa mikono, kisha pitisha spiriti na uiache ikauke yenyewe bila kuipuliza kwa mdomo. Siku ya kubandua, paka mafuta ya nazi kwenye ukingo wa plasta, ngoja dakika chache, halafu ikunje nyuma polepole sambamba na ngozi huku kidole cha mkono wa pili kikiibana ngozi chini. Ukimaliza, osha mafuta yote.

Mama mwenzangu, kiini cha tatizo naona ni zile siku tano. Kwa kawaida kanula laini ya plastiki imetengenezwa ikae siku mbili hadi tatu, na ya chuma siku mbili. Leonard Thompson, kijana wa kwanza kutibiwa kwa insulini, mjini Toronto mnamo Januari 1922, alipata jipu palepale alipochomwa kwa sababu dawa ilikuwa bado haijasafishwa vya kutosha. Dawa ya leo ni safi. Kinachomponza binti yetu ni kitundu kinachobaki wazi siku sita katika ngozi yenye jasho. Naelewa kabisa kwa nini unabana matumizi, na sikulaumu. Lakini boksi la seti 10 ni la mwezi mmoja, si la siku 50, na ni heri avae pampu mwezi mmoja kwa usalama kisha arudi kwenye sindano mpaka boksi jingine lifike. Kurudi kwenye sindano si kushindwa. Sharti moja tu: daktari wa kliniki yake ya kisukari awaandikie mapema dozi ya insulini ya muda mrefu na ya haraka, na chupa zote mbili ziwepo nyumbani, kwa kuwa dozi za pampu hazihamishwi kwa kukisia.

SWALI: Mimi ni mstaafu, ninajichoma insulini kwa sindano mwaka wa 12 sasa. Mapajani nina vinundu viwili, kila kimoja kama ndimu. Haviumi, na nikichoma hapo sisikii maumivu, ndiyo maana napapenda. Je, vina madhara?
Mzee wa Temeke

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Hayo ni mafuta yaliyoota chini ya ngozi kwa sababu insulini inapoingia sehemu moja kila siku huyakuza, na watoto wa pampu huyapata vilevile. Hayaumi kwa sababu hisia hapo zimefifia, lakini dawa inayoingia humo hufyonzwa ovyo, leo taratibu, kesho kwa ghafla. Ninakuomba upapumzishe miezi kadhaa, uhamie tumboni, ukiacha nafasi ya vidole viwili kutoka kitovu na kutoka tundu la jana, na utumie sindano mpya kila mara. Kabla hujahama, onana na daktari wako, kwa sababu kipimo ulichozoea kikiingia kwenye ngozi nzima kinaweza kuishusha sukari sana. Mara nyingi dozi hupunguzwa, na wiki ya kwanza utapaswa kupima mara nyingi zaidi, hasa kabla ya kulala, huku glukosi au soda yenye sukari ikiwa karibu na kitanda.